Uzito ulioongezwa baada ya kalamu kuwekwa chini: kisa cha mtihani wa Kiingereza Zhejiang, 2018

Tarehe 24 Novemba 2018, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari katika mkoa wa Zhejiang, mashariki mwa China, walifungua matokeo yao ya mtihani wa Kiingereza. Wengi wao walikuwa na namba kichwani tayari. Huko kuna desturi ya kujikadiria: ukitoka chumba cha mtihani unakumbuka ulisiliba herufi gani katika kila swali, majibu yakipatikana unajisahihisha, unajumlisha, na kwa insha unajipimia kwa haki bila kujipendelea. Mwanafunzi aliyefanya majaribio kila wiki kwa miaka mitatu hakosei sana katika makadirio hayo. Anaweza kupotea kwa alama mbili au tatu, hasa upande wa insha.

Safari hii namba zilikataa. Malalamiko yalianza siku hiyo hiyo, kwanza kwa wanafunzi, kisha wazazi wakaingia. Waliyemjua darasani kuwa wa kawaida alikuwa amepanda, waliyemjua kuwa hodari alikuwa amebaki pale pale au ameshuka chini ya makadirio yake, na hapakuwa na mtu wa kueleza kwa nini. Mwanafunzi wa huko haoneshwi alama ya kila swali. Anapewa jumla peke yake.

Siku chache baadaye mamlaka ya mitihani ya mkoa ikatoa maelezo. Ilisema kwamba usahihishaji wa majaribio, yaani ule wa kupima karatasi kabla ya usahihishaji kamili, ulionesha baadhi ya maswali yalikuwa magumu kuliko ya mwaka uliotangulia, na kwamba ili ugumu wa awamu moja ya mtihani ulingane na wa nyingine (Kiingereza huko hufanywa mara mbili), uzito wa alama wa baadhi ya maswali ulirekebishwa. Maswali hayo yalitoka sehemu mbili: sehemu ya pili, yaani ufahamu, na sehemu ya nne, yaani uandishi. Marekebisho yaliwahusu watahiniwa wote, ilisema, na maswali mengine hayakuguswa.

Maelezo hayo yaliyokusudiwa kutuliza ndiyo yaliyowasha moto. Kumbe alama zilikuwa zimebadilishwa kweli. Serikali ya mkoa ikaunda timu ya uchunguzi, na tarehe 5 Desemba ikatangaza ilichokuta: uamuzi ule ulikuwa kosa kubwa, na kilichotokea kikaitwa tukio zito la uwajibikaji lililosababishwa na uamuzi mbovu. Uzito ulioongezwa ukafutwa, alama ghafi, yaani zile za kabla ya marekebisho, zikarudishwa, na mkuu wa idara ya elimu wa mkoa akaondoka madarakani pamoja na wakuu wa mamlaka ya mitihani.

Habari nyingi za kisa hiki huishia hapo, kwa wakubwa waliopoteza vyeo. Mimi kinachonishika ni kile kilichofanywa ndani ya karatasi. Kati ya sehemu nne za mtihani, mbona mkono uliingia kwenye ufahamu? Na kwa nini hapo ndipo mahali pabaya kabisa pa kuuingiza?

Karatasi yenyewe

Gaokao ni mtihani wa taifa wa kuingia vyuo vikuu. Mwaka 2018 watahiniwa milioni 9.75 walijiandikisha China nzima. Kiingereza kina alama 150 kati ya 750, sawa na Kichina na sawa na hisabati.

Karatasi ya Zhejiang wakati huo iligawanywa hivi: kusikiliza alama 30, ufahamu 35, matumizi ya lugha 45, uandishi 40. Ufahamu ulikuwa na vipande viwili. Cha kwanza ni vifungu vitatu vya habari vyenye maswali kumi ya kuchagua A, B, C au D, kila swali alama mbili na nusu. Cha pili ni kifungu kimoja chenye mapengo matano, na chini yake sentensi saba. Mtahiniwa anachagua tano za kujaza mapengo, mbili zinabaki. Kila pengo alama mbili.

Sentensi hizo saba zina tabia mbaya inayojulikana na kila mwalimu wa huko: makosa yake huja mawili mawili. Ukiiweka sentensi F mahali pa C, basi pengo lililostahili F nalo mara nyingi umelipoteza. Kosa moja la kuelewa linatozwa mara mbili. Uzito wa alama ukiongezwa juu ya hapo, na adhabu hiyo pacha inanenepa.

Vifungu vya ufahamu kwa kawaida huchukuliwa kutoka magazeti, majarida na vitabu vya Uingereza na Marekani, vikafupishwa na maneno magumu kupita kiasi kubadilishwa. Kwa miaka mingi orodha rasmi ya maneno ya gaokao ilikuwa na maneno kama 3,500, na watoto huyabeba mfukoni katika vijitabu na kuyakariri kwenye foleni ya chakula. Ila neno kulijua ni jambo moja na sentensi kuimudu ni jingine, na hapa msomaji wa Kiswahili anaweza kuelewa shida yao kwa njia ambayo pengine Mwingereza hawezi.

Sisi husema: kitabu alichokinunua mwalimu jana mjini kimepotea. Jina linatangulia, kisha kirejeshi kinaleta maelezo nyuma yake. Kiingereza nacho hupanga hivyo hivyo, jina kwanza maelezo baadaye. Kichina ni kinyume. Mchina atapanga: mwalimu, jana, mjini, alinunua, halafu kineno kidogo *de* cha kuunganisha, ndipo kitabu, kisha kupotea. Maelezo yote yanasimama mbele ya jina, na jina linafika mwisho kama mgeni rasmi. Sasa mchukue mtoto aliyelelewa na mpangilio huo, mpe sentensi ya Kiingereza yenye jina mwanzoni, kisha maelezo ya mstari mzima na nusu yenye maelezo mengine ndani yake, kisha kitenzi kikuu kikitokea mbali kule. Ameshika jina, anasubiri kujua limefanya nini, na katikati amekutana na vitenzi vitatu ambavyo si vyake. Anachagua kimoja, na pengine si chenyewe.

Ongeza kwamba kitenzi cha Kichina hakibadiliki kwa wakati. Jana, leo na kesho huelezwa kwa maneno ya pembeni na kwa muktadha. Kwa hiyo tofauti ya Kiingereza kati ya jambo lililokwisha kutokea na jambo ambalo lingetokea kama mambo yangekuwa mengine, ambayo sisi tuna *-li-*, *-nge-* na *-ngali-* za kuibeba, kwake ni vineno vidogo na alama ndogo ndogo mwishoni mwa maneno, rahisi kuzipita kwa macho. Na swali la ufahamu lililo gumu hupenda kujificha hapo hapo: je, mwandishi anasema jambo limetokea, au anasema lingetokea?

Maswali yenyewe yana sura chache. Kuna la kutafuta taarifa, ambalo ni kazi ya macho. Kuna la kukisia maana ya neno lililopigiwa mstari, la wazo kuu au kichwa cha habari, na lile ambalo watahiniwa huliogopa kuliko yote: la kung'amua mwandishi anadokeza nini, au ana msimamo gani, bila kuusema waziwazi. Majibu ya kupotosha hutungwa kwa ustadi. Moja hunakili maneno ya kifungu neno kwa neno lakini hugeuza uhusiano wake. Jingine ni la kweli duniani ila halimo katika kifungu. Jingine ni pana mno, linafaa habari yoyote. Mtahiniwa ana saa mbili kwa karatasi yote pamoja na kusikiliza, hivyo ufahamu unapata kama nusu saa, ikizidi kidogo. Katika nusu saa hiyo hapati nafasi ya kusoma kila kifungu mara mbili.

Bahati inavyoingia

Swali la kuchagua kati ya majibu manne lina kasoro ambayo haiondoki: asiyejua kitu ana nafasi moja kati ya nne ya kupata. Kila mtu analijua hilo. Lisilosemwa sana ni kwamba bahati hiyo haigawanyiki sawa kati ya maswali rahisi na magumu.

Chukua watahiniwa 100 na swali rahisi. Tuseme 80 wamelielewa na 20 wanabahatisha. Kati ya hao 20, robo, yaani watano, wanaangukia jibu sahihi. Waliopata ni 85, na kati yao watano tu ni wa bahati. Mmoja kati ya 17.

Sasa swali gumu. Tuseme 20 wamelielewa na 80 wanabahatisha. Robo ya 80 ni 20. Waliopata ni 40, na kati yao 20 ni wa bahati. Nusu nzima.

Hesabu hii ni ya ubaoni, na darasani mambo hayaendi kwa usafi huo. Mtoto hodari akikwama hufuta majibu mawili yasiyowezekana na kubahatisha kati ya mawili yaliyobaki. Mwingine huvutwa na jibu la kupotosha akaenda nalo kwa imani kamili, hivyo hata ile robo haipati. Lakini mwelekeo haubadiliki: kadiri swali linavyokuwa gumu, ndivyo jibu sahihi linavyobeba bahati nyingi na ujuzi kidogo.

Turudi Zhejiang. Mamlaka iliona maswali fulani ya ufahamu ni magumu kuliko ilivyotarajiwa, ikayagusa hayo hayo. Ukiongeza uzito wa swali gumu, umeongeza mshahara wa kubahatisha. Nia ilikuwa kufuta athari ya ugumu. Kilichotendeka ni kuchukua maswali ambayo majibu yake sahihi yana ujuzi mchache kuliko mengine yote na kuyapa sauti kubwa zaidi katika jumla.

Nipige mfano wa watahiniwa wawili, kwa namba zangu mwenyewe. Wote wamepata maswali manane kati ya kumi, alama 20 kila mmoja. Wa kwanza amekosa mawili magumu zaidi. Wa pili ameyapata hayo mawili, ila amekosa mawili rahisi kwa haraka. Kwa mwongozo waliousoma kwenye karatasi, wako sawa. Sasa yapandishe yale mawili magumu kutoka mbili na nusu hadi nne. Wa kwanza anabaki na 20. Wa pili ana mara sita mbili na nusu, ambayo ni 15, na mara mbili nne, ambayo ni 8: jumla 23. Alama tatu zimezaliwa kati yao, na hakuna aliyeandika herufi moja zaidi ya mwenzake. Katika mkoa ambao watahiniwa wa gaokao wanafikia takriban laki tatu, alama tatu hukuteremsha chini ya mamia kwa mamia ya watu, na chuo kinachokuchukua kinategemea nafasi yako katika mstari huo.

Kuna na dari. Jumla haiwezi kupita 150. Aliyepata karibu kila kitu hana pa kupanda, aliye chini ana nafasi tele. Marekebisho yoyote ya kuongeza yakikutana na dari hiyo, walio juu na walio katikati wanasukumwa kukaribiana. Ndiyo maana malalamiko yalikuja na sura ileile kutoka shule baada ya shule: hodari haonekani tena kuwa hodari. Watoto hao hawakuwa na kanuni ya hesabu mkononi. Walikuwa na uzoefu wa miaka mitatu wa kukaa darasa moja na kujua nani husoma namna gani, na uzoefu huo uliwaambia ukweli mapema kuliko tangazo lolote.

Kwa nini waligusa maswali yenyewe?

Hapa lazima niwe wa haki kwa waliofanya uamuzi, maana shida waliyoiona ilikuwa ya kweli.

Zhejiang pamoja na Shanghai ndiyo iliyochaguliwa mwaka 2014 kuanza gaokao ya mfumo mpya. Mojawapo ya mabadiliko ilikuwa kuruhusu Kiingereza kifanywe mara mbili, na alama iliyo kubwa zaidi kati ya hizo mbili ndiyo ihesabiwe. Ni wazo jema. Mtoto anayeamka na homa siku ya mtihani hapotezi mwaka. Lakini ukishakuwa na mitihani miwili yenye matokeo yanayoshindana katika kapu moja, unawajibika kwamba alama 120 ya Novemba iwe na maana ileile ya 120 ya Juni. La sivyo, aliyefanya vizuri siku yenye karatasi ngumu ameonewa.

Masomo ya kuchagua ya mfumo huo huo yalikuwa na jibu lake. Mwanafunzi wa Zhejiang huchagua matatu kati ya saba, na alama yake ghafi haikutumika kama ilivyo. Wakati huo ilibadilishwa kulingana na nafasi yake kati ya waliofanya somo hilo, kwa ngazi 21 zenye tofauti ya alama tatu tatu, kuanzia 100 kushuka hadi 40. Mtu anaweza kuupinga mfumo huo, na wako wengi wanaoupinga, lakini uliandikwa na kutangazwa kabla. Mtoto aliyeingia chumba cha fizikia alijua alama yake itapitia chekecheo gani. Kiingereza kiliachwa na alama ghafi. Ahadi ya mitihani miwili inayolingana ilitolewa bila chombo cha kuilinganisha.

Vyombo hivyo vipo. Mitihani mikubwa ya kimataifa ya Kiingereza hujaribu maswali yake kwa watu halisi kabla ya kuyatumia, ikajua ugumu wa kila moja, ikalinganisha karatasi kwa karatasi. China yenyewe ina mtihani wa Kiingereza wa wanafunzi wa vyuo ambao tangu 2005 matokeo yake hutolewa kwa kipimo cha alama 710, kilichokokotolewa ili awamu moja ilingane na nyingine. Gaokao haiwezi kufuata njia hiyo kirahisi. Maswali yake ni siri ya taifa hadi dakika bahasha inapofunguliwa, na watungaji hutengwa wakati wa kutunga. Hakuna mtoto wa kujaribishiwa swali kabla. Ugumu wa kifungu cha ufahamu unajulikana kwa mara ya kwanza siku watoto wote wanapokaa kukisoma, na mtungaji aliyeishi na kifungu wiki kadhaa ndiye mtu asiyefaa kabisa kukisia kitamlemea nani. Kwake kimeshakuwa chepesi.

Kwa hiyo usahihishaji wa majaribio ulipoanza na ufahamu ukaonekana umewashinda watu, wenye mamlaka walikuwa wameshika tatizo la kweli bila kifaa. Wakatafuta kifaa pale walipoona damu, kwenye maswali yenyewe. Ndivyo wengi wetu tungefanya tukiwa na haraka na hofu. Kama ni lazima kurekebisha, ilipaswa kugusa jumla ya kila mtu kwa kanuni inayojulikana na inayoacha mpangilio wa watu kama ulivyo: aliye wa mia abaki wa mia. Kugusa swali mojamoja hupindua mpangilio, kwa sababu kila mtahiniwa ana ramani yake ya maswali aliyoyapata na aliyoyakosa.

Na bado nasema kuacha kama ilivyo kungekuwa bora zaidi ya yote hayo. Karatasi ilikuwa ngumu kwa kila mtu aliyekaa siku ile. Wenye alama ndogo kwa sababu ya ugumu wangekaa tena Juni, na alama kubwa ndiyo ingehesabiwa. Mfumo wenyewe ulikuwa na mto wa kuangukia. Wapo ambao wangeumia: wale waliojipanga wamalizane na Kiingereza mapema ili miezi iliyobaki waipe hisabati na Kichina. Hao walikuwa na haki ya kusikitika. Ila sikitiko lao lingekuwa na karatasi ngumu, si na mtu aliyegeuza mizani nyuma ya pazia.

Uzito wa Kiingereza katika gaokao ulishawahi kubadilishwa kabla, tena sana, na haukuvunja kitu. Mtihani uliporejeshwa mwaka 1977 baada ya kusimama zaidi ya miaka kumi, lugha ya kigeni haikuwa na uzito wa lazima kwa wengi. Walimu walikuwa wachache na vitabu vichache zaidi. Ikaingizwa kwa ngazi: mwaka 1980 ilihesabiwa kwa asilimia 30 ya alama iliyopatikana, 1981 asilimia 50, 1982 asilimia 70, na 1983 asilimia 100. Kijana wa kijijini aliyeanza kujifunza alfabeti akiwa na miaka kumi na sita aliona ngazi zile zikija na akajua mwaka wake utamkuta kwenye ngazi ipi. Mwaka 2018 uzito ulibadilika na hakuna mtahiniwa hata mmoja aliyekuwa na namna ya kuujua alipokuwa akiamua dakika zake tano za mwisho azitumie kwenye swali lipi. Kwa alama mbili na nusu, unaliacha swali linalokukatalia na kwenda kukagua insha. Kwa alama nne, unalirudia. Uamuzi huo hufanywa na kila mtu anayefanya mtihani, na ulifanywa kwa mizani ambayo baadaye ilibadilishwa.

Tanzania tuna kumbukumbu yetu ya jambo la aina hii, ingawa lilianzia upande mwingine. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalikuwa na walioshindwa wengi kiasi cha nchi kushtuka. Tume ikaundwa, Mei serikali ikayafuta na kuagiza usanifishaji upya, na mwisho wa mwezi huo yakatoka matokeo mapya. Aliyekuwa na mdogo wake au mtoto wake katika kundi lile anakumbuka jinsi ilivyo kupewa karatasi ya maisha, kisha kuambiwa irudishe.

Siku kumi na moja

Kutoka 24 Novemba hadi 5 Desemba ni siku kumi na moja. Nazifikiria siku hizo kuliko vyeo vilivyopotea.

Alama ghafi ziliporudishwa, kila mtu alipata haki yake, na si kila haki ilikuwa tamu. Kuna mtoto aliyeambiwa amepanda, akawapigia nyanya yake na shangazi zake kijijini, akalala na alama hiyo siku kumi na moja, kisha ikashuka bila yeye kutenda kosa lolote. Wapo waliokuwa wamekwisha kuamua kuachana na Kiingereza kwa sababu alama waliyoiona iliwatosha, na sasa wakarudi kutoa vijitabu vya maneno walivyovifungia. Na yuko yule aliyekuwa hodari kweli, aliyeona namba isiyomfanana akaanza kujishuku: pengine sikuwa mzuri kama nilivyodhani, pengine insha yangu ilikuwa mbaya, pengine vile vifungu sikuvielewa. Kujishuku huko hakufutwi na tangazo. Kusoma lugha ya watu kunahitaji ujasiri wa kuamini kwamba unachokielewa ndicho kilichoandikwa. Mtoto anayesoma sentensi ndefu ya Kiingereza kwa woga hurudi nyuma kila baada ya maneno matano kuhakikisha, na akifika mwisho amesahau mwanzo. Walimu wa huko hutumia mwaka mzima kuwaondolea watoto woga huo.

Walimu nao waliwekwa mahali pagumu. Baada ya mtihani wa majaribio mwalimu wa Kiingereza hukaa na darasa, akapitia swali kwa swali: hapa jibu liko aya ya tatu, angalia kiunganishi, hapa umevutwa na neno lililonakiliwa. Kazi hiyo yote inasimama juu ya jambo moja, kwamba kila swali lina thamani inayojulikana na kwamba kuelewa kunalipa. Wiki ile mwalimu alikuwa akiulizwa na watoto wa miaka kumi na saba kama kuelewa kunalipa, na hakuwa na karatasi yao wala alama ya kila swali mkononi ya kuwajibia.

Ningependa kuona, katika mkoa wowote unaofanya Kiingereza mara mbili, mtahiniwa akipewa matokeo yaliyogawanywa kwa sehemu: kusikiliza ngapi, ufahamu ngapi, uandishi ngapi. Kwa majibu ya kusiliba hilo ni kazi ya mashine ambayo imeshafanyika. Kama wale wa Novemba wangeoneshwa alama yao ya ufahamu peke yake, yule aliyekadiria 30 akaona 33 au 27 angeweka kidole palepale siku ya kwanza, na mamlaka isingethubutu kuanza jambo ambalo kila mtoto angeliona kwa macho.

Zhejiang haikuacha mitihani miwili. Kuanzia 2020 awamu ya kwanza ilihamishiwa Januari, na kuanzia 2023 mkoa huo ukaacha karatasi yake ya Juni na kutumia ile ya taifa inayotumiwa na mikoa mingine mingi. Ufahamu katika karatasi hiyo una maswali kumi na tano, na sentensi saba za kujaza mapengo matano zipo bado.

Watoto wa Novemba 2018 walikaa tena tarehe 8 Juni 2019, saa tisa alasiri, siku ambayo gaokao ya Kiingereza hufanyika nchi nzima. Vifungu vitatu, maswali kumi, alama mbili na nusu kila moja, kama ilivyochapishwa juu ya karatasi.